Kopo la Baba

Yaarub aliingia Ibra Alhamisi alasiri
na kisanduku cha risasi mpya kutoka Maskati,
shaba tupu, ndefu, ncha kali kama sindano ya kushonea magunia.
Akazipanga juu ya meza ya baba, moja moja,
akasema: Zuwena, lete kopo.

Meza ile hatukuigusa tangu arubaini yake.
Mizani ingali imefunikwa kipande cha kanga kuukuu,
maneno yake nusu: "...si mwenzio."
Faneli, koleo, mswaki wa kusugulia masizi,
maganda matupu yamesimama midomo wazi
kama wageni walioambiwa chakula kinakuja.

Na daftari.
Baba alisalimiana na majirani kwa Kiarabu,
akahesabu kwa Kiswahili,
kwani kosa la hesabu, alisema, hulisikia upesi
kwa lugha aliyochapiwa shuleni.
Humo tarehe, joto la chumba, uzito,
risasi za timazi alizoyeyusha mwenyewe jikoni
mama akigombana na moshi,
na pembeni, kwa wino mwekundu:

    Baruti ina hasira,
    usiipime kwa kura,
    acha haraka, papara,
    chembe moja hukuua.

Yaarub akaweka kidole. Hesabu hii hapa.

Hiyo ni ya risasi ile, nikamwambia,
laini, fupi, ipitayo mtutuni kwa adabu.
Hii yako ngumu, na urefu wake
utashuka ndani ya ganda, utaibana baruti.
Chumba kile kile, mpangaji mwingine;
utamtoza kodi ya marehemu?

Akacheka. Kesho harusi kwa kina Muhenna,
vijana watalenga jiwe lililopakwa chokaa ng'ambo ya wadi,
naye amekwisha jigamba kazini
kuwa atapiga kwa bunduki ya babu,
ile inayofunguka kwa mkono wa chini,
na kwa baruti ya baba.

Nikafungua kopo.

Baruti nzima hunuka zahanati,
pamba iliyochovywa spiriti.
Hii ilinuka siki.
Siki, na vumbi jekundu kifunikoni
kama kutu, ingawa baruti si chuma.
Viangazi ishirini na sita chini ya paa la saruji,
kiyoyozi tukikizima kila tulipofunga safari.
Nani asingechacha?

Tujaribu moja tu, akasema.

Moja tu ndiyo iliyochukua jicho la Sleyum wa Mudhaibi,
naye alikuwa akijaribu.

Nikatoka nalo uani, Yaarub nyuma yangu
akitaja bei, akitaja baba,
akitaja baba tena.
Zamu yetu ya falaji ilikuwa imefika;
nikainyunyiza haba na haba shinani mwa mndimu,
maji yakaja yakaichukua,
chembe nyeusi zikielea, zikizunguka,
nyingine zikakwama kwenye majani makavu
kama zinataka kuulizwa kitu.

Hakunisemesha hadi Magharibi.
Harusini alipiga za dukani,
mbili zikapotea mlimani,
ya tatu ikalibandua jiwe chokaa,
akageuka kunitazama upande wa wanawake.
Sikujua jicho lile lilikuwa la shukurani au la deni.

Usiku nikarudi kuifunika mizani.
Pumzi yangu tu ilitosha kuitikisa sahani.
Nikavuta mtoto wa meza kutafuta ufunguo wa kabati
nikakuta ganda moja, limejazwa, limefungwa,
karatasi imezungushiwa uzi,
mwandiko wake wa mwisho, ule wa kutetemeka:

"Hii sijui nilitia nini. Msiipige."

Nikalitikisa sikioni.
Kuna kitu humo, kinatembea.
Mtu aliyepima kila chembe umri wake wote
alikaa na hili, akaliandikia,
asilitupe.

Nikalirudisha lilipokuwa.
Ufunguo sikuuona.